Msiizime, Narudi

Simu ya mamdogo Salha iko juu ya kabati la vyombo, kando ya birika lake la kahawa, na bado inalia. Tumemzika hapa Kilifi wiki iliyopita. Mikeka imesharudishwa msikitini, sufuria za jirani zimesharudi kwa wenyewe, lakini kile kikundi chake cha akina mama kinaendelea kumtumia picha za maua na kumtakia asubuhi njema, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa. Binti yangu Zaina, aliyeomba ruhusa chuoni aje msibani, ameniuliza tena na tena kama aizime. Ana hoja zake. Anasema kila kilichomo humo kimeshajihifadhi chenyewe mtandaoni, picha, sauti, hata zile dua ndefu alizokuwa akitutumia, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Watoto wa siku hizi hawajui kupoteza. Ana gemu aliyoianza akiwa shule ya msingi. Ameshabadilisha simu kadhaa, na kila akiifungua inamkuta palepale alipoiacha na kumkaribisha kwa jina. Mimi vitu hivi ndiyo kazi yangu, nina duka la ufundi Malindi lenye simu zilizokufa nyingi kuliko zilizo hai, na sitaki kubishana naye kwa mambo ya mitambo. Nimemwambia tu aiache kwanza. Ameniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. Hajui kwamba nimewahi kuishi katika nyumba iliyokatazwa kuzima kitu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo, na msichana anayengoja matokeo hupelekwa kwa mamake mdogo asije akakaa bure. Mamdogo Salha alikuwa ameolewa Shela, Malindi, na Athman, fundi wa redio na tivi. Nyumba yao ilijaa vitu ambavyo wenyewe walikata tamaa navyo. Feni ya chumbani ilitoka kwa mwalimu mmoja aliyesema inapiga kelele. Ilipiga kelele kweli. Pasi ilikuwa na mkono wa pasi nyingine. Redio ya Bi Rukia, mama yake Athman, iliyokaa ukumbini mchana kutwa ikisoma matangazo ya vifo, ilikuwa na kisu cha mezani mahali pa eriali. Na chumbani mwa mamdogo, juu ya meza fupi, palikuwa na mashine ya gemu ya rangi ya kijivu, ndogo kama sahani ya kitoweo, iliyokuja Mombasa ndani ya kontena la mitumba kutoka Dubai. Sehemu yake ya kuingizia umeme ilikuwa imeungua, kwa hiyo Athman aliilisha kwa adapta ya nje, na sauti yake akaipitisha kwa waya mrefu mpaka kwenye spika kubwa ukumbini, kwa sababu spika ya tivi ilikuwa imekufa. Alipoiwasha, nyumba nzima ilijua. Ilikuwa na wimbo wake mfupi wa kuamka, kama kinanda cha mtoto, kisha ikanyamaza ikingoja mtu abonyeze.

Gemu ilikuwa moja tu, na maandishi yake ya Kijapani. Athman hakuwa na mtu wa kumuuliza, basi akazijifunza zile herufi kwa sura: ya ngazi ni ndiyo, ya panzi ni hapana, ile inayofanana na mtu aliyebeba kuni usiiguse kabisa. Ndani yake palikuwa na mwanamume mwenye koti la buluu anayetembea. Hakupigana na mtu. Alipanda milima, aliomba maji kwenye nyumba za watu, alifungua milango. Bi Rukia alimwita Mzururaji. Ubaya ni kwamba mashine hizo huwa na kadi ya kuwekea kumbukumbu ya ulipofika, na hii ilikuja bila kadi. Ukizima, Mzururaji anarudi kijijini kwao siku ile ya kwanza, hajui njia wala hajui mtu. Kwa hiyo Athman hakuzima. Alisimamisha tu, akaenda kazini, akarudi jioni akaendelea. Kukatika kwa stima kulimrudisha nyuma mara nyingi, na mara moja ilikuwa Bi Rukia mwenyewe, aliyechomoa waya ili achomeke pasi ya buibui lake. Siku hiyo Athman hakugombana na mamake. Alikaa mbele ya tivi, mikono katikati ya magoti, mpaka mahamri yakapoa, na Bi Rukia akapita mara tatu mlangoni akijifanya anatafuta kiberiti.

Nikikumbuka nyumba ile kwanza nasikia ubishi wa asubuhi, juu ya mbaazi za nazi na chai. Kwa Bi Rukia vyombo vya umeme vilikuwa na madaraja kama watu. Redio ilikuwa msafi, inakwambia nani kafa na mvua iko wapi. Tivi ilikubalika ikiwa na mawaidha na taarifa ya habari, lakini mengine yote iangalie huku umeiinamishia macho. Simu ya mkono alisema ni ya watu wenye haraka ya kusema uongo. Na gemu haikuwa na daraja. Hoja yake haikuwa kwamba ni haramu, hilo aliwaachia masheikh. Alisema ni kazi isiyo na ushahidi, mtu anatoka jasho na hakuna hata kikapu cha kuonyesha. Bi Tima, jirani yetu, aliogopa zaidi, alisema vitu vinavyotembea bila roho si vya kuweka chumba cha kulala. Katana wa Gede, aliyekuwa akifanya kazi na Athman na aliyepitia kwetu kila asubuhi kunywa chai barazani, alisema kupitia dirishani kwamba yeye haoni tofauti, kwao wazee wanacheza bao tangu alfajiri na hakuna anayewauliza kikapu. Athman alicheka tu. Jibu lake nalikumbuka kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kumtazama akifungua vitu vyake: alisema redio inakwambia ukae, tivi inakwambia ukae, na hii peke yake inakuuliza unataka kwenda wapi.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo ninalolichukia hadi leo. Alikuwa ameamka mapema, amemfikisha Mzururaji kwenye mto mpana wenye daraja la kamba, mbali kuliko alivyowahi kumfikisha. Kuna mteja wa Gede alikuwa akimsubiri kwa tivi. Alivaa kofia yake, akasukuma pikipiki mpaka nje ya lango, kisha akarudi, akachungulia ukumbini. Nilikuwa nakunja nguo. "Mama, msiizime," akasema. "Iko mtoni. Narudi nimvushe." Bi Rukia bila kuinua kichwa akamjibu kwamba safari hii hazimi, aende zake salama. Lori lilimkuta kwenye kona kabla ya Gede. Katana ndiye aliyeleta habari, na alipofika barazani alishika nguzo tu, tukajua.

Nyumba ilijaa. Wanawake walimuingiza mamdogo chumbani, wakamvika nguo nyeupe, wakafunika kioo cha kabati kwa leso, wakaizima tivi na kuifunika kwa leso nyingine. Kisha Bi Tima akanyoosha mkono kwenye mashine, na Bi Rukia, aliyekuwa amekaa chini ukutani tangu habari ifike, akasema, "Usiguse." Bi Tima akadhani hakusikia vizuri. Bi Rukia akarudia, na sauti yake haikuwa ya kulia, ilikuwa sauti ya kukataza watoto kisimani: "Kanambia nisizime. N'shamwambia sizimi." Wanawake wakatazamana. Nyumba ya msiba, redio yenyewe imenyamazishwa, halafu chombo cha mchezo kiwe kinawaka chumbani mwa mjane. Lakini ni nani wa kumfundisha mama aliyefiwa na mwanawe? Wakatoka mmoja mmoja. Taa ya kijani ikabaki ikiwaka chini ya leso.

Siku ya hitma mimi nilikuwa uani kwa Bi Tima nakata vitunguu pamoja na wasichana wengine, sufuria za pilau ziko motoni. Ghafla Bi Tima akaja mbio, leso imemwanguka kichwani. Alisema wako ukumbini na juzuu mikononi, feni ikasimama, pakawa kimya, halafu baada ya muda kile kidude kikaimba. Chenyewe. Wimbo ule ule wa marehemu, kupitia spika, wanawake wote wamesikia, wengine wameacha kisomo wamesimama. Wasichana wakaacha visu. Mimi mwili ulinisisimka kuanzia shingoni, kwa sababu niliujua wimbo ule na nilijua unaimba wakati gani: Athman anapoiwasha. Nilipoingia ndani nilimkuta Bi Rukia amekaa ukumbini, amefumba macho, tasbihi haitembei. Mamdogo alikuwa chumbani juu ya kitanda, uso umeelekea meza fupi. Bi Rukia akamuuliza kutoka ukumbini, "Salha, yuwawaka?" Mamdogo akakawia. Kisha akajibu, "Taa yawaka, mama." Bi Rukia akavuta tasbihi yake na kuniambia nikamwite Katana, aje na betri, stima ya hapa si ya kuaminiwa.

Hapo ndipo penye jambo ambalo nikiwasimulia mafundi wenzangu hawaniamini. Mwanamke aliye edani hakai na mwanamume asiye maharimu wake, na mashine iko chumbani mwa mwanamke aliye edani. Kuihamisha haiwezekani bila kuichomoa. Kwa hiyo Katana akakaa ukumbini juu ya kigoda, pazia zito la chumba limeshuka mbele ya uso wake, na mimi nikawa mikono yake. Alisema adapta ile umeme wake ni mdogo, haunichomi. Nimenye waya wake pale katikati bila kuukata, nyekundu peke yake na nyeusi peke yake, kisha nizungushie nyaya za betri, ili stima ikiondoka betri ipokee na mashine isijue. Kila hatua alinitaka nimwambie ninachokiona, na mimi nikamwambia, na yeye akasema "haya, mayo, pole pole," kama wasemavyo kwao kumbembeleza mtoto wa kike. Betri aliyoisukuma chini ya pazia ilikuwa ya pikipiki. Bi Rukia aliuliza imetoka wapi, akajibu ya dukani, lakini ubavuni ilikuwa na ile picha ya samaki chewa aliyoibandika Athman mwenyewe kwenye betri ya pikipiki yake, na mamdogo aliiona kama nilivyoiona. Alishuka kitandani na nguo zake nyeupe, akapiga magoti kando yangu, akanishikia tochi mpaka nikamaliza. Nilidhani anaomba nisikosee.

Kwa muda wote wa eda nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikiwa nimeipa mashine mgongo. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Ilikuwa na mvumo mwembamba usiokoma, na joto. Niliiinua juu ya vifuniko vinne vya soda ipate hewa, na bado chumba kilinuka plastiki ya moto iliyochanganyika na ubani wa magharibi. Paka wa nyumba alilala juu yake. Stima ikikatika, kila kitu kinanyamaza, feni, friji ya Bi Tima ng'ambo ya ukuta, halafu unausikia ule mvumo peke yake, unapumua kwa betri ya mtu aliyekufa. Nilikuwa naamini kabisa kwamba kuna mtu amesimama chini ya leso ile, kwenye ukingo wa mto, na kwamba ameshaimba mara moja na ataimba tena. Waliokuja kuhani, kutupa pole, walipunguza sauti wakipita mlangoni. Wengine walimwambia Bi Rukia kwa upole kwamba si vyema, roho itapata taabu, na yeye aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaongezea kahawa. Kila asubuhi baada ya sala aliuliza swali lake lile lile kupitia pazia, na mamdogo akampa jibu lake lile lile. Macho ya Bi Rukia yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho na mwaka ule yalimwishia kabisa. Alikuwa akitembea kwa kushika kuta. Mamdogo hakuweza kulala kwa mvumo ule. Nilimwona akikonda. Siku moja nilimwambia kwa nini tusimuombe Bi Rukia aizime, na ndipo pekee aliponikaripia mwaka mzima: "Hiyo si yangu wala si yako, Maimuna. Nyamaza."

Huku nyuma nilikuwa najifunza bila kujua kwamba najifunza. Katana alikuja kuibadilisha betri ikidhoofika, na kila akija alikaa nyuma ya pazia na kunipa kazi nyingine, nifungue redio, nimweleze kilichomo, anieleze kilichoharibika. Sikumwona uso wake kwa miezi. Matokeo yangu ya mtihani yalitoka na hayakuwa ya kusomesha mtu mbali, na nilipoyapata nilishangaa kwamba sikuumia sana. Katana aliposikia alisema dukani kuna meza isiyo na mwenyewe.

Mamdogo alitoka edani asubuhi ya Alhamisi. Wanawake walikuja kumwogesha, akavaa nguo ya rangi, leso ikatolewa kwenye kioo. Walipokwenda jikoni kupakua, Bi Rukia aliingia chumbani kwa kupapasa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema tivi iwashwe sasa, amuone Mzururaji. Alisema "amuone," naye haoni. Mamdogo akanitazama, kisha akaondoa leso na kubonyeza. Tivi ikapata moto polepole. Hapakuwa na mto. Hapakuwa na daraja wala koti la buluu. Palikuwa na zile herufi kubwa za mwanzo, ya ngazi na ya panzi, zinazotokea mashine ikishaimba, zikingoja mtu abonyeze aanze upya. Nikaelewa wakati uleule, feni iliyosimama, kimya, wimbo. Stima ilikatika siku ya hitma, ikarudi, na Mzururaji akarudi kwao. Tulikuwa tumelinda herufi. Nikafungua mdomo, na mamdogo akaniwekea mkono wake begani, mzito.

"Yupo?" Bi Rukia akauliza.

"Yupo, mama," akasema mamdogo. "Yuko mtoni."

"Kasimama?"

"Kasimama palepale."

Bi Rukia akaninyooshea mkono. Akaniambia nimwonyeshe kitufe kilipo. Nilikipeleka kidole chake juu yake. Kilikuwa kikavu na baridi. "Basi na apumzike," akasema. "Kusimama kote huko, miguu ishamuuma." Akabonyeza. Mvumo ukakatika, na kimya kilichoingia mle chumbani sijakutana nacho tena popote. Bi Rukia akalia, kwa mara ya kwanza tangu Athman afe, na mamdogo akakaa kando yake akalia naye. Paka alishuka mezani akatoka nje.

Kwa miaka mingi nilidhani hadithi ni hiyo: kwamba mamdogo alimficha mama mkwe wake asiyeona, akavumilia mvumo ule kwa ajili yake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Mwezi uliopita, alipokuwa amelazwa hospitali, nilikuwa nikimpa uji, na chumba chao kilikuwa na mashine inayovuma. Nikamuuliza. Nilimuuliza kama siku ya hitma aliusikia wimbo.

"Uliimba nyuma ya ukuta wangu, nisiusikie?" akasema.

"Na Bi Rukia hakuusikia?"

Mamdogo alinitazama kwa mshangao, kijiko kiko mdomoni, kama ambaye nimemuuliza kitu anachokijua hata mtoto. Akameza. "Mwanangu, Bi Rukia alikuwa amekaa chini ya spika."

Nikakaa na bakuli mkononi. Yule mama aliyeujua wimbo ule kuliko sisi sote, aliyeulalamikia kila ulipolia akiwa uani, jikoni, hata akiwa kwa jirani. Aliusikia, akajua Mzururaji wa mwanawe hayuko tena mtoni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuagiza betri. Na mamdogo ndani akajua kwamba yeye anajua. Nikamuuliza kama hawakuambiana kamwe, mpaka Bi Rukia anaingia kaburini. "Tungeambiana nini?" akasema. "Yeye alikuwa ananitunzia mimi. Mimi namtunzia yeye." Kisha akaomba maji, na hatukulirudia tena jambo lile, kwa sababu siku zilizobaki hazikuwa za mazungumzo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza sasa hivi, na Zaina amerudi. Amesimama mlangoni na waya wa chaji mkononi. Simu imeanza kuonyesha nyekundu, na kikundi cha akina mama kimetuma ua jingine. Ananieleza tena, kwa upole safari hii, kwamba hata ikizimika hakuna kitakachopotea. Najua, nimemwambia. Ninajua hilo kuliko yeye. Anataka kusikia moja tu, aichomeke au asiichomeke.

"Ichomeke," nikamwambia. "Miguu bado haijamuuma."